Maelezo ya Mfuata Nyayo

Andika, koplo.
Jina langu utaliruka, najua.
Utaandika "mwenyeji mmoja", kisha mkato.
Basi andika kwamba mwenyeji mmoja
aliinama alfajiri nyuma ya stesheni ya Bahi,
umande haujakauka,
akauona mguu.

Mguu wa kushoto hauna kidole cha mwisho.
Kisigino kimezama: mtu amebeba mzigo.
Siafu wamekatiza juu ya alama,
na siafu hurudi shimoni jua likianza kuuma,
kwa hiyo alipita jogoo wa pili.
Hayo niliyasema mbele ya wote.
Bwana Shauri akacheka, akanipa sigara,
akasema pua yangu inaishinda ya mbwa wake.
Mbwa anaitwa Meja.
Hilo uliliandika.

Andika pia ahadi:
blanketi moja, na kodi ya miaka miwili kufutwa,
kodi ileile ambayo mnasema Chalula
aliondoka nayo usiku ndani ya sanduku la bati.

Siku ya kwanza tulikwenda kama watu wanaoitwa.
Vumbi jekundu halifichi neno.
Hapa alitema ugoro. Hapa alikaa,
akachomoa mwiba wa mkwata, akautupa kushoto.
Askari sita nyuma yangu, buti sita jozi,
wakikanyaga kila nilichokwisha kukisoma.

Wino umekwisha?
Nenda, koplo. Nakungoja.

Sasa nasema na kiti chako.

Kile kidole nakijua kilipo.
Mwaka wa Mtunya, tukiwa wavulana wenye matumbo makubwa,
tulichimba mizizi karibu na Chikopelo.
Jembe lilikuwa langu. Mguu ulikuwa wake.
Hakulia; alisema, "Chimba, Ndahani,
kabla wengine hawajaja."
Tulikila kile kiazi kibichi, chenye udongo,
nami nikamfunga kwa gamba la mlama.

Na mzigo haukuwa sanduku.
Sanduku halishushwi likakojoa kando ya njia,
likaacha nyayo mbili
ndogo kama majani ya mkunde.
Niliziona siku ya pili, ukingoni mwa mbuga,
pale ardhi inapoanza kuwa nyeupe kwa chumvi.
Nikasimama juu yake.
Nikajifanya nafunga kiatu, mimi
nisiye na kiatu.

Nyayo zilishika kaskazini, kuufuata mto Bubu.
Mkono wangu ukaonyesha magharibi.
Sikuutuma. Au niliutuma.
Wanasema njia ya mwongo ni fupi;
yangu ilikuwa ya siku tatu
juu ya mawe yanayounguza kama chungu.
Yule kijana wenu wa Ukaguru
alikunywa maji ya magadi, akatapika hadi jioni,
akimwita mama yake kwa lugha yao.
Nilimshika kichwa.
Huyo ndiye ninayemwomba radhi, si ninyi.

Sijui kama sanduku aliliiba.
Huenda aliliiba. Chalula si malaika;
mwaka juzi ng'ombe wa shemeji yangu walipotea,
na mguu nilioukuta zizini
nao niliukalia kimya.

Karibu, koplo. Tulifika wapi?
Ndiyo. Kwenye mwamba tukapoteza alama.
Mwamba, koplo, hauna kumbukumbu.
Andika hivyo, ni maneno mazuri.

Hapana, sijui kuandika.
Unanishika dole gumba, unalichovya,
unalikandamiza chini ya karatasi
kama mtu anayeua kupe.

Nainama. Mazoea ni mabaya.
Naisoma:
huyu alisita kabla ya kukanyaga.
Uzito wake wote uko upande mmoja.
Alikuwa amebeba kitu.

Naangalia uso wako.
Unapuliza wino ukauke,
unakunja karatasi mara mbili,
unaniuliza blanketi nataka la rangi gani.