Maagizo kwa Opendi, Kabla ya Basi la Moroto

Opendi, ufunguo uko chini ya kopo la chumvi.
Basi la Moroto linaondoka saa kumi na moja alfajiri,
nawe utakuwa umetoka zamu ya usiku, macho mekundu,
sitaki kukugongea.
Kwa hiyo soma hapa, polepole,
kama unavyosoma hati ya mashtaka yenye jina lako.

Juu ya sanduku langu la bati, kwenye kizimba cha waya,
wapo wawili. Mweupe ni Risiti, dume,
aliyetafuna risiti ya karo muhula wa kwanza.
Mwenye kichwa cheusi ni dada yake, Msumeno.
Najua kambi nzima inacheka:
koplo mzima anafuga panya,
na kila Jumamosi sokoni Tororo kipaza sauti kinapiga kelele
panya, mende, kunguni, elfu moja tu, wanakauka!
Cheka nawe. Ukimaliza, shika neno moja:
panya hatapiki.

Amepewa meno yasiyochoka kuota,
pua inayosoma giza kama gazeti,
akanyimwa mlango wa kurudishia.
Kilichoshuka kimeshuka.
Hata kucheua hawezi; basi soda yako, hata kifuniko kimoja,
iweke mbali, hewa ile itamvimbia tumboni
ikitafuta dirisha ambalo fundi hakuliweka.
Wauza sumu wanalijua hili. Ndilo duka lao.

Maharage ya guniani, yakiwa mabichi, usimpe hata punje,
hata akisimama kwa miguu miwili akikuomba kama wakili.
Mna kitu ndani kinachouogopa moto tu.
Tokosa mpaka yapasuke. Muhogo mbichi, hivyo hivyo.
Kiazi kilichogeuka kijani pale dirishani
si chake, si chako.
Chungwa: Msumeno hana neno nalo,
lakini Risiti ni dume, na mafuta ya ganda
huwaharibu madume figo. Kwa nini madume tu?
Nilimuuliza daktari wa mifugo, akacheka kwanza,
kisha akasema mkojo wa dume una kitu chake cha ziada.
Parachichi, nyama yake, kidogo. Ganda na kokwa, jalalani.

Karanga alizotuma mama kutoka Nagongera zilinyeshewa njiani.
Ukiona vumbi la kijani, usiseme ah, ni panya, atachagua.
Kuvu ile hula ini bila kubisha hodi.
Choma moto zote. Wala usinikaangie nikirudi.

Na karanga za kusaga, usimpe kabisa.

Walikuwa watatu, Opendi.
Athieno aliwatoa maabara ya shule ndani ya sweta
siku mwalimu alipokuwa akitafuta wembe,
akaniachia alipokwenda bweni Mbale.
Wa tatu aliitwa Karani. Umeme ulikatika usiku ule,
nilikuwa nakula mkate na karanga za kusaga, nikamlambisha kijiko,
kwa mapenzi tu, kama unavyomlambisha mtoto.
Zikamnata kooni. Alijikwangua mdomo kwa mikono miwili,
vidole kama vya mtu, nami nimeshika tochi.
Mtu angezitapika, yakaisha.

Jumapili Athieno hupiga kwa simu ya matroni.
Huuliza panya kwanza, baba baadaye.
Nilimwambia Karani ametoroka, ameoa huko ghala la mahindi.
Alicheka. Sasa huuliza kama amepata watoto.
Neno lile liko hapa, chini ya kifungo cha pili cha sare,
miezi minne,
halishuki, halirudi.

Maji badilisha kila asubuhi.
Posho iliyopoa, mchicha, yai la kuchemsha siku ya Jumatano.
Msumeno hung'ata kidole chenye harufu ya samaki, nawa.
Athieno akipiga kabla sijarudi, mwambie wanakula vizuri.
Akiuliza habari za Karani,
mwambie babako ana jambo la kukwambia.