Aproni ya Beberu

Kilomita sitini kwa pikipiki, vumbi la Gobi menoni,
nikaketi mbele ya Muuguzi Dulamsuren,
naye akavipanga mezani bila haraka,
kama mtu atandazaye karata:
vidonge, sindano, kijiti, kitanzi.

Vidonge: kila siku, saa ile ile.
Nilicheka. Dada, sisi twahama mara nne kwa mwaka.
Msimu uliopita nilisahau chungu, kiatu cha mtoto,
na mama mkwe nusura.

Sindano? Kila miezi mitatu nirudi hapa.
Na theluji ikifunga njia mwezi wa kwanza,
nani ataliambia tumbo lisubiri?

Kijiti akanilazia kiganjani,
chembamba kama njiti ya kiberiti.
Hukaa chini ya ngozi ya mkono, miaka mitatu.
Mkono huu huu ninaovutia kamba ya farasi?
"Huo mwingine," akasema.

Kitanzi. Jina lake tu lilinikaba koo.
"Ni shaba kidogo, hakimnyongi mtu.
Miaka kumi; na ukitaka mtoto kesho, kesho tunakitoa."
Hakunificha: hedhi huenda ikawa nzito, tumbo likasokota.
Akanifunua kope, akatazama damu yangu inatosha au vipi.
"Na magonjwa, hapa mezani hakuna kinachoyazuia."
Akanitia kondomu mfukoni.

Nikarudi na nusu ya jibu,
nikakukuta zizini, Baasanjav, umepiga goti,
unamfunga beberu aproni ya sufu chini ya tumbo,
asipande majike sasa,
wana wasije wakadondoka kwenye barafu ya Januari.

"Na huo mpango ni wa nini?" ukauliza,
macho kwenye fundo.

Sikujibu. Nilikushikia ncha ya kamba.
Ukakaza. Ukakaza tena.
Kisha mkono wako ukasita.

Beberu alipiga chafya.
Mbali, binti yetu mdogo alikuwa akimlilia mkubwa ambebe,
na mkubwa ana miaka mitano tu.

"Dulamsuren yupo Alhamisi?"
Yupo.
"Twende wote. Nataka kukiona hicho kijiti."
Utakiona, nikasema. Na kitanzi utakiona.
Ila kuchagua, nitachagua mimi.

Ukafuta mikono kwenye suruali, ukatikisa kichwa,
sijui kwa kukubali au kwa kuchoka.
Na beberu, na aproni yake, akashika njia ya malisho,
kichwa juu,
kana kwamba hakuna aliyemfunga kitu.