Nyama ya Kifua

Nusu popoo, jani la tambuu, chokaa, katu,
na tumbaku ya kuamsha damu:
hivyo ndivyo nilivyochuma chai tangu umri wa miaka kumi na mmoja,
shavu la kushoto limetuna kama mfuko
ambao mshahara haukuutunisha kamwe.

Kidonda kilianza kama punje ya mchele.
Tabibu wa shamba akanipa maji ya zambarau, nisukutue.
Mvua zikaja, zikaisha.
Siku moja nikatafuna wali, nikakuta jino.

Tukauza ndama. Tukauza baiskeli.
Mke wangu akafunga bangili zake kwenye leso, akatoka,
akarudi bila leso.

Hospitalini Silchar tulilala barazani siku kumi na tisa,
foleni ya kitanda kimoja.
Jirani yetu wa mkekani, Motlib, mwendesha riksha,
aliitwa alfajiri moja na hakuinuka.
Foleni ikasogea.
Nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu sijaweza kulisema.

Daktari Ibemhal, kandambili za plastiki miguuni,
akachora taya langu nyuma ya cheti cha mtu mwingine.
“Hapa nakata. Chuma cha kuungia ni bei ya ng’ombe sita,
basi kidevu kitakwenda upande.
Tundu nitaliziba kwa nyama ya kifua chako.”
Nikauliza, nitaongea?
“Utaongea. Watu ndio watakaojifunza kusikia.”

Saa tisa mezani. Umeme ulikatika mara mbili.
Muuguzi alinisimulia baadaye:
kidole cha daktari hakikubanduka kwenye mshipa
mpaka jenereta ilipokohoa.

Sasa nina shavu linaloota nywele kwa ndani.
Cheka tu, mke wangu naye hucheka.
Kila Jumapili hunifumbua kinywa juani
akazipunguza kwa mkasi wa kucha.
Husemwa kinywa ni jumba la maneno.
Langu limebomolewa ukuta, likaazima tofali chumba cha chini,
na kila neno sasa lina harufu ya kifua.

Siku mpira wa puani ulipotolewa,
daktari alisema: tamka jina, lolote.
Kwetu mume hamwiti mke kwa jina.
Miaka ishirini na mitatu nilimwita “ewe”, nilimwita “mama Bishu”.
Phulmoni, nikajaribu.
Nusu ya kwanza ilimwagika na mate.
Ya pili ikasimama: Moni.
Akageukia dirisha, akawa anakunja shuka lililokwisha kunjwa.

Nimerudi bandani kwenye mizani ya majani.
Nasoma kilo, vijana wanarudia ili karani aandike.
Wakinitolea popoo, nafumbua kinywa, nawaonyesha.
Mmoja mmoja hutema.
Wengine hunitazama mpaka ndani kabisa,
huku wanatafuna.