Tukadhani Ni Bizari

Maua yalishuka na ndege ya saa nne, uwanja wa Manda,
yamelazwa ndani ya boksi refu kama mgonjwa,
na Shee, binamu yangu, akayapakata botini hadi gatini,
hakumwachia hamali.
"Lili," akasema. "Nairobi hakuna harusi bila haya."
Meupe, makubwa, midomo wazi,
kila ulimi umebeba unga wa manjano.
Mama akayaita mayungiyungi. Tukamwachia.
Baadaye tulijua: yungiyungi la ziwani halina neno.
Hili la dukani limeazima jina tu;
sumu ni yake mwenyewe.

Tukayapanga katika zidaka, kando ya sahani za bibi,
ambazo hazijawahi kuanguka hata moja,
maana Kanzu hupita kati ya vyombo
kama msomaji anayetafuta ukurasa.

Kanzu hakuwa wetu. Paka wa Mkomani si wa mtu.
Asubuhi alikula kwa fundi cherehani,
adhuhuri kwetu, usiku alikuwa na shughuli zake.
Mweupe wote, ila kistari cheusi shingoni
kama darizi. Ndipo jina.

Usiku wa kuamkia harusi, nyumba inanuka vitunguu na udi,
akapita ana manjano begani.
Barka akacheka: "Huyo kaingia sufuriani!"
Tukadhani ni bizari.
Hata mimi nilicheka, vidole vimejaa saumu.
Yeye akaketi kizingitini
akaanza kujiosha.

Hapa nataka niende polepole.
Paka ni msafi. Maji aliyoyanywa hatuyamwagi,
tumefundishwa hivyo tangu chuoni.
Akalamba bega, akageuka, akalamba tena,
hakuacha hata chembe,
kama mtu anayeogopa kuswali na doa.
Usafi wake ndio uliomponza.

Aliyeona ni Esha wa Barka, miaka saba,
wakati sisi tunagombania viti vya wageni:
"Mama, ndoo utezame. Kanzu yuwatapika."
Alikuwa nyuma ya birika,
kichwa kimeinamia maji asiyoyanywa.

Lali ni daktari wa mifugo; amezoea punda.
Hakuuliza kala nini.
Aliuliza: "Nyumbani kuna maua gani?"
Akatwambia hata jani, hata maji ya chombo chake,
hata unga ulioshika kwenye manyoya;
figo za paka hazijadiliani na ua lile.
"Mngemleta jana," akasema, akanyamaza,
akatafuta mshipa.
Dripu siku tatu, chumba cha nyuma,
jirani yake punda mwenye kidonda cha tandiko.

Siku ya nne simu ililia. Sikuipokea mimi.
Somoe alikuwa bado kwenye fungate;
tulimficha hadi ilipokwisha.

Mama hakusema kitu. Alipanda darini
akaushusha mdagu wake, ule wa maua ya waridi
aliouotesha mwaka alioolewa, na utomvu wake
ambao wawindaji hupaka mishale.
Akampa mtu wa Matondoni asiyefuga paka,
akamwapisha.
Akabakisha asmini, waridi, na rehani
ndani ya makopo ya maziwa.
Paka wanailalia rehani. Inavunjika. Hasemi.

Mwaka huu anaolewa Barka mdogo.
Mama ameomba boksi tupu la viatu, akalikata,
akaandika kwa mkono wake, akalitundika mlangoni:

*Mgeni wetu karibu,*
*leta udi na zabibu,*
*lili kwetu ni aibu,*
*zisivuke mlangoni.*

*Waridi tutapokeya,*
*rehani twaingojeya,*
*ya Manda yatarejeya,*
*paka wetu yu nyumbani.*

Wetu, ameandika.
Sikumsahihisha.