Machache

Nilipokuwa na miaka sita taya lilivimba
kama nimeficha andazi nisimgawie mtu.
Mama akauza mizinga, tukapanda treni Tabora usiku,
harufu ya asali bado mikononi mwake.
Dawa iliingia tone, tone.
Nywele zikaondoka. Uvimbe ukaondoka.
Habari za mayai, nani angemwuliza mtoto
asiyejua hata kufunga kamba za viatu?

Leo, Kitete, Malunde ameshika mkoba wangu
kama kuku atakayeruka.
Daktari anageuza karatasi.
"Machache," anasema. "Lakini yapo."

Nje, simu. Mama mkwe:
matobolwa mmepata?
Malunde ananitazama, anajifuta uso.
"Machache, mama."

"Leteni hayo hayo."