Tisa Kichwa Chini

Keki ya dukani elfu mbili mia nane,
jina juu yake ni mbali, kila herufi ishirini.
Nashukuru sikumwita Abdulrahman.
Lali. Herufi nne. Hata hivyo sina.

Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya tokeni:
mchele nimeroweka, nazi mbili,
hamira ya kuazima, iliki ya tangu Idi.
Mkate wa sinia haumwombi mtu radhi.
Maputo manne; la tano limepasukia
mdomoni mwa mjomba wake.

Mshumaa ndio ulionishinda.
Mama Swabra akafukua droo,
akatoa tisa ya rangi ya waridi,
imeungua utosi,
ya bintiye, mwezi wa Rajabu.
“Lali anatimiza sita,” nikamwambia.
Akaipindua kiganjani,
akanitazama bila kusema kitu.

Nikachokoa utambi upande wa pili
kwa sindano yangu ya kofia.

Langoni nzima walikuja,
hata wa mtaa wa juu ambao hatuamkiani.
Sahani saba, watoto thelathini na kitu:
wakala kwa zamu, wakalamba vidole,
wakauliza kama kesho pia.

Swabra akaruka: “Hiyo tisa yangu!”
“Ni sita,” akajibu Lali,
akapuliza
kabla kesi haijaamuliwa.

Sasa amelala, pua ina sukari.
Nimeipangusa, nimeifunga karatasi,
nimeisukumia chini ya leso.
Miaka mitatu, Mola akijaalia,
naigeuza tena.