Toa Maji

Fomu ina kurasa kumi na moja.
Ukurasa wa tatu unauliza, kwa herufi nzito:
Mhusika wako ana umuhimu gani kwa taifa?
Maneno mia mbili, yasizidi.

Tukuyu mvua imeingia siku ya nne.
Katika kibanda cha kuchapishia, nyuma ya soko,
karatasi zinajikunja kama zinasikia baridi
na mimi nahesabu maneno kwa ncha ya kalamu:
Subilaga Mwaisumo, karani wa mizani,
kituo cha majani mabichi, miaka thelathini na mmoja.
Hakuwa waziri. Hakufungwa. Hakuimba.
Alisoma mshale.

Basi.

Aliusoma pale ulipokomea,
si pale meneja alipotaka ukomee.
Vituo vingine walikata kilo mbili za maji
hata kiangazi, jua likipasua visigino;
yeye alitumbukiza mkono guniani hadi kiwiko,
akautoa, akautazama kiganja:
"Mkavu. Andika kumi na nane kamili."

Yamebaki maneno arobaini.
Niyatumie kwa mguu wake wa kushoto,
uliovunjwa usiku na watu ambao hadi leo
anawasalimia kwa majina, kanisani?
Taifa lina haja na mguu?

Ukurasa wa saba ni bajeti.
Nauli ya Mbeya, kwenda na kurudi, mara sita:
yuko Mwanjelwa mwanawe wa pili, fundi cherehani,
ndiye aliyebaki na picha.
Betri za kinasa sauti. Rimu mbili. Mhariri.
Posho ya mwandishi, miezi tisa
(hapa nilisita, nikafuta sifuri, nikairudisha).

Nikampelekea aione.
Alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi,
akashuka na kidole, mstari kwa mstari,
kama anayetafuta jina kwenye orodha ya malipo ya pili.
Akarudia kutoka juu.
"Umemlipa dereva. Umemlipa mwenye karatasi.
Umejilipa wewe, ndaga, ni haki yako.
Aliyeishi yuko mstari wa ngapi?"

Ndizi zilikuwa zinachemka jikoni.
Niliushukuru moshi.

Nikaongeza mstari wa kumi na nne: mhusika, laki tatu.
Mfuko ukajibu kutoka Dar es Salaam, kwa adabu:
Hongera, umechaguliwa. Isipokuwa mstari wa kumi na nne.
Mhusika akilipwa, ukweli huweza kupinda.

Nilipomsomea alicheka mpaka akashika mbavu.
"Walileta fimbo haukupinda.
Laki tatu ndiyo iupinde?"

Usiku ule nilitunga safari:
mara ya saba, ya nane, ya tisa kwenda Mbeya,
stakabadhi safi, basi ambalo halikunibeba.
Asubuhi nikamwekea pesa mezani.
Hakuzigusa. Aliuliza ni za gunia lipi.
Nikamwambia.
"Basi hizi ni kilo za hewa," akasema,
akazisukuma upande wangu kwa nyuma ya kijiko.

Nilizirudisha Mfukoni, na barua ya aibu.
Kisha nikamega posho yangu, nusu kwa nusu,
miezi minne na nusu yangu, miezi minne na nusu yake,
naye akanikatia risiti kwa mwandiko wa kituo:
tarehe, saa, hali ya hewa. *Ukungu.*

Juni, baridi ya kukata masikio,
nilimletea mswada ndani ya mfuko wa rambo.
Akatoa uvunguni mizani yake ya zamani,
akaitundika kwenye boriti, akaning'iniza kitabu.
Mshale ukatetemeka. Tukasubiri. Ukatulia.

"Kilo moja na robo," akasema. "Haya, tutoe maji."

Akalamba kidole, akafunua ukurasa wa kwanza,
pale nilipokuwa nimemwita shujaa,
akaniomba penseli.

"Hapa pamelowa."